Siku Elkanah Brayton Alipotoka Kichwa Wazi

Elkanah Brayton hakumvulia kofia mwanadamu yeyote. Marafiki wote wa Newport, yaani Wakristo wa madhehebu ya Quaker katika bandari hiyo ya Amerika, waliishika kanuni hiyo: kofia huvuliwa katika ibada, mtu anapoomba kwa sauti, kwa kuwa hapo anasemeshwa Mungu. Mbele ya hakimu au tajiri, kofia hukaa pale pale ilipo. Lakini wengine waliishika kama watu wanavyoshika desturi. Elkanah aliishika kama nahodha anavyoshika usukani, maana baba yake alifia gerezani Uingereza kwa kukataa kuvua yake.

Siku moja hakimu Ambrose Coggan alimkuta gatini akipakia jibini.

"Brayton, hiyo kofia inaficha upara?"

"Upara ninao, Ambrose, na Mungu ameshauona."

Wapakiaji wakaangua kicheko, na hakimu naye akacheka. Jibini yake aliinunua kwa Elkanah, na alijua haijawahi kupungua uzito hata mara moja. Elkanah alitaja bei moja kwa mkubwa na kwa mjane, akanyamaza. Aliyetaka kubishana alielekezwa kwa jirani.

Alipeleka Barbados jibini, mishumaa na samaki wa chumvi, akarudi na molasi. Miwa ya molasi hiyo ilikatwa na watumwa, na Elkanah hakujiuliza juu yao. Kikao cha Marafiki, kilichosimamia mwenendo wao, nacho hakikumwuliza. Mtu asifiwe kwa lililo lake, asivikwe lisilo lake.

Dorcas, mkewe, alimzalia watoto saba, wakazika wanne. Wavulana wawili walioa ndani ya Marafiki na kuhamia bara. Akabaki Mehitabel, kitinda mimba, aliyerithi ulimi wa mama na ukaidi wa baba. Huyu alimpenda Giles Ormsby, msokota kamba, Mwanglikana. Jioni moja, maharage yakiwa mezani, akasema:

"Baba, Jumatano naolewa kanisani kwa kina Giles. Sikuombi ukubali. Nakuomba uje."

"Kwa kasisi anayelipwa ili aombe?"

"Huyo huyo. Na wanaomlipa wanalalamika kwamba anaomba mno."

Dorcas akajifanya anakohoa. Elkanah hakucheka. Marafiki hawana makasisi; Rafiki akifungishwa ndoa na kasisi hutengwa, na mzazi akihudhuria arusi hiyo huitwa kujieleza mbele ya kikao. Mehitabel alikwisha kukubali kutengwa kwake. Alilotaka ni uso wa baba yake miongoni mwa nyuso za wageni.

"Na kofia yangu?" Elkanah akauliza.

"Bawabu amesema atakayeingia nayo ataangushiwa kwa fimbo."

"Basi umeshajibiwa, mwanangu."

Msichana akainuka, akaacha chakula. Dorcas akamgeukia mumewe.

"Hujamjibu. Umejificha chini ya kofia."

"Na wewe utakwenda?"

"Mimi nitapika. Wakitoka huko watakuja kula hapa, na hakuna kikao kilichokataza kupika bado. Lakini mimi amelala kifuani pangu miaka yote, Elkanah. Hana shaka nami. Wewe ndiye anayekuulizia mlangoni tangu ajue kutembea, nawe uko gatini."

Juma zima Elkanah alikuwa mtu wa kusahau vitu. Alipima pipa moja mara mbili. Aliagiza chumvi wakati ghala limejaa chumvi.

Jumatano asubuhi akavaa koti lake la kijivu, akaitoa kofia kwenye kigingi, akaitazama, akairudisha. Akafungua mlango, akatoka hivyo hivyo.

Mtengeneza mapipa aliyekaa ng'ambo ya njia akadondosha nyundo.

"Elkanah! Umeibiwa?"

"Sikuibiwa."

"Upepo, basi? Nikusaidie kuitafuta?"

"Naenda arusini, Seth. Endelea na pipa lako."

Njia nzima alijiambia kwamba hakumvulia mtu kofia, kwa kuwa mtu hawezi kuvua asichokivaa. Hayo yalikuwa maneno ya wakili, si ya Rafiki. Kabla hajafika kanisani alikuwa ameshayaonea haya, akayatupa. Akaingia kwa sababu binti yake alimwomba, basi.

Akakaa nyuma. Mehitabel aligeuka, akakiona kichwa kile cheupe ambacho jua halikuwahi kukigusa, kimeng'aa kama yai. Akacheka kwa sauti kanisani, na kicheko kikageuka kilio kabla Giles hajaelewa kimetokea nini. Kasisi akangoja. Elkanah akampungia mkono binti yake, kama aliyekuwa akimpokea mlangoni.

Mwezi haukuisha kabla kikao hakijamtuma mzee Zaccheus Hale nyumbani kwake. Walikuwa wamekaa benchi moja la wazee muda mrefu, na Zaccheus alikuja kwa huzuni ya kweli.

"Elkanah, kikao hakitaki mengi. Andika tu kwamba unasikitika ulikwenda."

"Sisikitiki."

"Andika basi kwamba hukufikiri vizuri."

"Nilifikiri juma zima, Zaccheus. Muulize Dorcas kuhusu ile chumvi."

"Wenzako wameandika na wamesamehewa. Jonathan Wickes aliandika."

"Alisikitika kweli, au alichoka kuulizwa?"

Zaccheus akanywa sharubati yake ya tufaha.

"Sisi hatuapi mahakamani," Elkanah akasema, "kwa kuwa tunasema neno letu la kila siku ni kweli. Nikiandika nasikitika, nitakuwa nimekidanganya kikao kilichonifundisha nisidanganye. Ila ile hila ya kutoka bila kofia, hiyo naisikitikia. Andika hiyo."

"Kikao hakikuuliza kuhusu kofia."

"Basi sina kingine cha kukupa. Ongeza mkate, Dorcas ameoka leo."

Zaccheus alikula mkate. Alipoaga alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha akaenda kuwaambia wenzake alichoambiwa, bila kupunguza wala kuongeza. Wakamtenga.

Hawakumfukuza katika ibada, kwa kuwa Marafiki hawamfungii mtu mlango. Lakini Elkanah aliacha benchi la wazee, akakaa la nyuma kabisa, na kwenye vikao vya shauri hakuruhusiwa kuingia. Wafanyabiashara waliokuwa wakimletea magomvi yao awaamulie wakayapeleka kwa wengine. Kila Juni, Marafiki kutoka miji yote ya pwani walipokuja kwenye mkutano mkuu, walilala nyumba nyingine, na vile vitanda ambavyo Dorcas alikuwa akivitandika kwa ajili yao vikabaki vitupu. Ikawa hivyo hadi Elkanah alipokufa.