Mkono wa Verlene Mlangoni

Tangu wazee wa kanisa letu hapa Teksasi wang'oe kile kibao cha kukataza bastola, Verlene ameichukia kazi yake ya kukumbatia waumini mlangoni. Kila kiuno anachokigusa kina chuma chini ya koti, tena siku ya Bwana!

Jumapili hii akakigusa kwa Doyle, aliyemzika mkewe majuzi tu.

"Hata wewe, Doyle?"

"Nina leseni, dada Verlene. Ni halali."

"Halali kamwambie polisi! Humu unamwogopa nani, mimi?"

Doyle hakucheka.

"Humu simwogopi mtu. Naogopa nyumbani, nikibaki peke yangu na hii." Akainamisha kichwa. "Nimekuja nayo nikijua wewe utaigusa."