Mshika Tawi

Bwana anayetuongoza matembezi ya msituni kila Jumamosi hushika tawi la miiba mpaka mtu wa mwisho apite, na wa mwisho siku zote ni mke wangu. Nyumbani magoti yanamuuma. Kule anapanda kilima huku anacheka. Jana ndege alilia juu, yule bwana akaninong'oneza, "Mzee, nisaidie, ni nani huyo?" Nilimjua, ni kurumbiza, lakini wivu ukanitangulia ulimini. Nikasema, "Chiriku." Akawatangazia wote, "Mzee wetu anasema chiriku!" Mke wangu akageuka. "Wewe! Si ndiye kurumbiza uliyenionyesha tukiwa wachumba?" Nikakosa pa kuficha uso. "Mzee alikuwa anatupima tu," yule bwana akasema, akashika tawi, akaningoja nipite mimi.