Mume Wangu Alikuwa Anamwongelesha Nani Bafuni?

Siku niliyomsikia mume wangu akimbembeleza mwanamke bafuni, nilikuwa nimeshika mkasi.

Msishtuke. Mimi ni fundi cherehani, mkasi haunitoki mkononi.

Mume wangu anatengeneza majokofu. Majirani wanamwita Bwana Ndiyo, maana mazungumzo naye yanaanzia hapo na kuishia hapo hapo.

Sasa kila jioni akirudi kutoka kazini, anavua viatu, anaingia bafuni, anafunga komeo. Nusu saa nzima. Maji hayafunguliwi, ila sauti yake unaisikia kwa chini.

Jamani, mimi sebuleni napewa "ndiyo" na "sawa", halafu bafuni kuna hotuba?

Nikampigia dada yangu mkubwa. Huyo ukimpa habari kama hiyo, hata chai hamalizi.

"Mdogo wangu, hapo umeshapata mke mwenza," akasema. "Nakuja. Na begi lako liandae kabisa."

Nikaliandaa. Sitadanganya, nililia nikikunja nguo. Miaka sita ya ndoa, na mtu mwenyewe bado nampenda.

Jioni ile dada akafika, tukajibanza mlangoni pa bafu, yeye kasimama, mimi nimechuchumaa.

"Umeshindaje, mpenzi?" sauti ikatoka ndani.

Dada akanifinya bega. "Umesikia mwenyewe?"

"Hapana, haraka mno. Tena." Akakohoa kidogo. "Umeshindaje, mpenzi? Wateja walikusumbua?"

Kumbe naye ana wateja!

"Akisema amechoka, usimfundishe kazi. Mwambie pole. Hesabu mpaka tano. Halafu muulize lile gauni la bibi harusi, mikono imekaa vizuri?"

Gauni hilo lilikuwa kwenye cherehani yangu. Mikono yake nilikuwa nimeifumua mara tatu.

Mkasi ukaniponyoka, ukalia sakafuni. Mlango ukafunguliwa.

"Simu iko wapi?" dada akamvaa.

"Mezani, inachaji," akajibu, anashangaa kweli. Mkononi alikuwa na karatasi iliyojaa mwandiko wake.

Akanigeukia, anatazama paji langu la uso kama kawaida yake.

"Maneno yangu yakitoka bila mazoezi yanakuumiza," akasema. "Mwaka jana ulilia mara mbili. Humu ndani nakosea peke yangu."

Nikakaa pale pale koridoni, nikalia mara ya tatu kwa maneno yake. Mwanamke niliyekuwa namwonea wivu wiki zote zile ni mimi.

"Shemeji, mimi nilipita tu kusalimia," dada akasema, huku anautafuta mlango wa nje.

Baadaye tulienda kwa mshauri wa ndoa, akatuelekeza hospitali. Mume wangu akapimwa, akaambiwa ana usonji, yaani ubongo wake unasoma watu na maneno kwa njia tofauti, na miaka yake thelathini na nane. Akacheka, akasema afadhali sasa kitu kina jina.

Tulikubaliana. Akikosea akosee mbele yangu, nami nitamwambia wazi panapouma, nisimnunie akabaki kubahatisha. Nusu saa yake akaomba ibaki, ili kelele za karakana zimtoke kichwani. Nikampa. Siku nyingine naichukua mimi, na nimegundua ni tamu.

Na dada? Juzi kaja kuomba nakala ya ile karatasi, akampe mumewe.

Wapendwa, kuna watu wanatupenda kwa kazi kubwa ambayo hatuioni. Mwenzio akikuchanganya, kabla hujamwita dada, muulize mwenyewe.