Mchezo Nilioutafsiri kwa Hofu

Nilikuwa karani wa kamati kwa sababu nilijua kupiga mashini. Hakukuwa na sababu nyingine. Siku ya uchaguzi mtu alisema, "Huyu anaandika Kifaransa cha ofisi," watu wakapiga makofi, nami nikakabidhiwa daftari kabla sijapata nafasi ya kukataa.

Tulikuwa watu watano tuliojitolea kukiongoza chama cha vijana. Siku tatu kwa juma, wakitoka shuleni au kazini, vijana walikusanyika katika ukumbi wa matofali nyuma ya kanisa, ambao mompere, padri wa misheni, alituazima. Walijifunza kusoma, kuchora, kuimba kwa sauti nne, na kucheza michezo ya kuigiza. Prezida wetu alikuwa muganga wa zahanati, mtu mpole aliyevaa tai hata Jumamosi. Alikuwapo fundi cherehani mmoja na mwalimu mmoja wa shule ya misheni. Wa tano alikuwa mama mjane aliyesaidia wanawake kujifungua kwenye nyumba ya uzazi. Yeye aliwekwa ili wazazi wakubali kuwatuma mabinti zao, lakini hakukaa kimya kama wengine walivyotarajia.

Mchana nilifanya kazi katika ofisi ya kampuni moja kubwa hapa Elisabethville. Kazi yangu ilikuwa kupiga barua za wazee. Mtu akishazeeka kazini, mkataba wake ulikwisha, na mkataba ukiisha nyumba ya kambi nayo ilirudi kwa kampuni. Barua ilimshukuru, ikamwambia siku ya kutoa ufunguo, ikamwambia siku ya treni ya kumrudisha "kwao". Wengi wao waliondoka huko wakiwa hawajaota ndevu. Nilizipiga barua hizo moja baada ya nyingine, maneno yaleyale, jina tu likibadilika. Siku moja lililobadilika likawa jina la baba yangu. Nililipiga pia. Jioni nilimpelekea barua mwenyewe, kwa kuwa niliona aibu aipokee mikononi mwa tarishi. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akaniuliza kama nimekula.

Baada ya yeye kuondoka kwenda kaskazini, nilishindwa kutulia. Nilikula nimesimama. Jumapili nilipanda kinga, yaani baiskeli yangu, nikazunguka mtaa wa Makomeno, nikapita hadi kule mji ulikoishia, kwenye mashamba ya mahindi na vichuguu, kisha nikarudi bila kuonana na mtu. Mke wangu aliniuliza ninatafuta nini. Kamati ilinifaa kwa kuwa ilinipa mahali pa kwenda.

Mwanzoni mwa kiangazi kijana mmoja alituletea daftari. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, anajifunza kazi ya kupanga herufi za risasi katika nyumba ya kupiga chapa, na vidole vyake vilikuwa vyeusi sikuzote. Ndiye aliyewaongoza wenzake katika michezo ya kuigiza. Alisimama mbele yetu akasoma mchezo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuinua macho. Ulikuwa mchezo wa mzee anayepokea barua ya kutoka katika nyumba yake.

Alipomaliza, prezida alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Ni muzuri," alisema. "Ni muzuri sana. Lakini hatuwezi."

"Juu ya nini?" mama aliuliza.

"Mama, weye unajua. Sisi bote tunakula ku mikono ya bazungu."

"Batoto beko banasema ile baliona na macho. Juzi rafiki yabo alipanda treni na bazazi. Unataka baseme nini? Baseme aliruka kama ndege?"

Fundi cherehani alicheka, kisha akaona prezida hacheki, akanyamaza. Mwalimu alipendekeza mchezo wa Mwana Mpotevu badala yake. Tulibishana mpaka mompere akaja kuchungulia kama tumeuza ukumbi wake. Mwishowe tukaamua hivi: mchezo utachezwa, lakini kwanza ofisa wa serikali apelekewe maneno yote kwa Kifaransa, kama sheria ilivyotaka kwa mkusanyiko wowote. Akikubali, amekubali yeye.

Wote wakanigeukia mimi.

Nilipewa juma moja. Siku tatu za kwanza sikuandika hata mstari. Nilifungua daftari la yule kijana, nikalifunga, nikatoka nje kuchanja kuni ambazo hazikuhitajika. Siku ya nne nikaanza. Mzee wa mchezo alisema, "Nilibeba matofali ya huu mji kwa kichwa, leo banasema miye ni mugeni." Nilikaa na sentensi hiyo mbele yangu. Kifaransa chake nilikijua, neno kwa neno, wala hakikuwa kigumu. Nikaandika: "Nimefanya kazi nyingi mjini, sasa nimechoka."

Baada ya hapo mkono ulikwenda wenyewe. Mke wa mzee alipouliza, "Tutazikwa na nani kule, nani anatujua?" niliandika kwamba anauliza habari za jamaa zao kijijini. Watoto walipokataa kutoka ndani ya nyumba, niliandika kwamba wanacheza mlangoni. Barua yenyewe, ile ambayo mchezaji angeisoma jukwaani kwa sauti, sikuibadilisha. Niliijua kwa moyo, na katika Kifaransa ilipendeza kabisa.

Nilimpa prezida karatasi azisome kwanza. Alikijua Kifaransa kuliko mimi, na mchezo aliusikia kwa masikio yake. Alisoma taratibu hadi mwisho. Kisha akazinyoosha kingo za karatasi juu ya goti lake.

"Uko na mukono muzuri," alisema, akatia sahihi.

Ruhusa ilikuja baada ya siku chache, pamoja na habari kwamba ofisa mwenyewe angependa kuja kutazama. Tulifurahi kwa midomo. Mwalimu aliwafundisha wadogo wimbo wa kumkaribisha.

Mchezo ulichezwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi madirishani, wengi wakiwa familia za makambi, wanaume wamevaa koti moja la Misa, akina mama na watoto mgongoni. Ofisa aliketi mbele katikati, prezida kulia kwake, mimi kushoto ili nimsaidie. Kiswahili alikijua kile cha kuagiza chai na cha kufukuza watu, si zaidi. Tafsiri yangu aliiweka mapajani, akafuata kwa kidole.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Kisha binti aliyecheza mke wa mzee akaanza kufungasha vyombo. Hakusema neno. Aliviinua kimoja kimoja, sufuria, mwiko wa kusongea bukari, taa, akavifunga ndani ya shuka. Mzee alisimama akaushika ukuta kwa viganja viwili, akausema ule mstari wa matofali. Nyuma yangu mwanamke alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani. Wa pili akamfuata. Mwanaume mmoja akasema, "Ni vile! Ni vile kabisa!" kisha ukumbi wote ukawa na ngurumo ya chini, si kelele, kama treni ikiwa bado mbali.

Ofisa alitazama karatasi. Kidole chake kilikuwa juu ya neno "nimechoka".

Aliniinamia. "Amesema nini?"

"Amesema amechoka, bwana."

"Na watu hawa wote wanalia kwa sababu mzee amechoka?"

Prezida alitazama mbele, kama mtu anayepigwa picha. Ofisa aliikunja tafsiri mara mbili, akaiweka mfukoni, akabaki hadi mwisho na akapiga makofi. Alipotoka aliwashika mkono wachezaji wote. Mimi alinipita.

Siku ya tatu mompere alipokea amri ya kufunga ukumbi, na kamati ikapata barua. Ofisa alitaka kujua ni nani aliyebadilisha maneno: vijana jukwaani, au sisi. Tulikutana nyumbani kwa fundi cherehani, tumebanana kati ya vitambaa vya watu.

Prezida alikwisha kuandaa jibu. "Tutasema batoto baliongeza maneno palepale. Batoto banaongezaka maneno siku zote. Bataonywa kidogo, ukumbi utafunguliwa."

"Na yule wa chapa?" mama aliuliza. "Mukubwa yake akisikia, atamuacha ku kazi?"

"Yeye ni kijana. Atapata kazi ingine."

Mama alinitazama. Sijui alijua tangu lini. Pengine aliniona siku ya mchezo, maana alikuwa amesimama ukutani upande wangu.

"Karani," alisema, "balisema ile baliandika, ao hapana?"

Nilisikia mashine ya cherehani ya mke wa fundi ikisimama chumba cha pili.

"Balisema ile baliandika," nilijibu. "Ni miye nilibadilisha."

Prezida aliweka kalamu chini. Hakusema kwamba alizisoma karatasi zile kabla ya kuzitia sahihi, nami sikusema kwa niaba yake. Kwa muda nilimchukia kwa hilo. Baadaye nilikumbuka kwamba alikuwa na watoto wanane na nyumba ya zahanati, na kwamba nyumba hiyo nayo ilikuwa na ufunguo wa kurudishwa.

Kesho yake niliendesha kinga hadi ofisini kwa serikali. Nilingoja kwenye benchi tangu asubuhi mpaka king'ora cha saa sita. Nilipoingia nilisema maneno niliyoyapanga njiani: vijana hawana kosa, tafsiri ni yangu, kamati haikujua.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," alisema, bila hasira. Aliandika kitu, akaniambia nisionekane tena katika kamati yoyote. Ukumbi ungefunguliwa baada ya mvua, kwa kusoma na kuimba tu. Habari zilifika kazini kwetu kabla yangu. Waliniondoa kwenye mashini wakanipeleka ghala, nihesabu koleo na kofia. Nilipaswa kuhuzunika. Siku ya kwanza niliyopita mbele ya meza yangu ya zamani na kumsikia mwingine akizipiga zile barua, niliharakisha hatua, na kilichonijia kifuani kilikuwa karibu na furaha, kisha aibu ya furaha hiyo.

Nilidhani kijana wa chapa angekuja kunishukuru. Alikuja, lakini si kwa shukrani. Mompere alikuwa na nakala ya tafsiri, na kijana alikuwa amemwomba ampe aisome. Alisimama mlangoni kwangu, hakutaka kiti.

"Baba, nilisoma karatasi yako."

"Karibu, kwanza keti."

"Ile si mchezo wangu. Ni mchezo wa mutu mwingine, mutu mwenye kushiba. Ulisikia aibu na maneno yetu?"

"Nilitaka muucheze. Ningeyaandika yote, wangekataa."

"Bangekataa! Basi bangekataa ile tulisema. Sasa balikubali ile hatukusema, na balifunga ile tulisema, na ku karatasi yabo kule ofisi, muzee wetu amechoka tu. Ndiyo vile itabakia."

Mke wangu alitoka na maji ya kunywa. Kijana aliyanywa kwa adabu, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaanza kuondoka. Nilimfuata hadi barazani.

"Lete daftari. Tuitafsiri tena. Weye uniangalie mukono."

Ilituchukua Jumapili tano. Alikuwa mkali. Nilipoandika neno laini alinyoosha kidole chake cheusi juu yake na kungoja. Tulibishana siku nzima juu ya neno "mugeni". Hatukuwa na mtu wa kumpelekea kazi hiyo. Tulipomaliza alichukua nakala moja, mimi nikabaki na nyingine, na wala hatukujua la kuzifanyia.

Mvua zilipoanza niliomba ruhusa nikapanda treni kwenda kaskazini kwa baba. Nilimkuta katika nyumba ya udongo iliyokuwa bado haijakauka vizuri, amepanda mihogo kwa mistari iliyonyooka kama reli. Majirani walimwita "yule wa mjini". Siku ya pili nilimsomea mchezo, kwa Kiswahili, kama ulivyoandikwa. Nilitaka alie, au anilaumu. Nilikuwa nimeisafiria lawama hiyo njia nzima.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono sikioni.

"Muzee wenu anasema mingi," alisema. "Miye sikusema kintu."

"Ungesema nini, baba?"

Alifikiri. "Ningeuliza nani atapewa nyumba. Kama ni mutu mwenye batoto, paa upande wa jiko linavuja. Hakuna mwenye aliniuliza."

Nilimwomba radhi kwa ile barua. Alinitazama kama mtu asiyeelewa nimeanza wapi. "Ulitaka nani ailete?" aliniuliza, kisha akanituma kuteka maji kabla mvua haijarudi.

Nilirudi mjini na kumpa kijana maneno ya baba. Aliyaandika pembeni ya ukurasa, kwenye nakala zote mbili. Mvua zilipokwisha ukumbi ulifunguliwa tena, na prezida na wenzake wakaendelea. Mama mjane aliniita siku za Jumatano nije kuwafundisha mabinti kusoma, bila cheo, bila jina langu kuingia daftarini. Nilikwenda. Nilifundisha nikitembea huku na huku kati ya madawati, hadi siku moja msichana mmoja akaniomba kwa heshima niketi, maana nilikuwa nawachanganya. Niliketi.