Mchanga Ambao Mvua Haikuurudisha

Habari za msiba zilinifikia kwa simu mchana wa Ijumaa, nikitoka msikitini hapa Ukunda. Yule sahibu yangu wa Bongwe, muuza mchanga, hatunaye tena. Presha ilimpanda alfajiri, na gari lilipopatikana alikuwa ameshakwenda kwa Mola wake. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka. Ndiye niliyewahi kumtania hapa kwamba hunusa mchanga kabla ya kuuza, kama mwanamke anayechagua udi. Nilimpenda mtu yule. Nalisema mapema kwa sababu mengi nitakayoyaeleza yatasikika kama lawama, na baadhi yake ni lawama kweli.

Alianzia mtoni. Kiangazi, maji yanapopungua, alikuwa akichota mchanga wa kujengea na kuwauzia mafundi, na masika yakiingia anakaa kitako nyumbani akingoja mto umtengenezee bidhaa upya. Kazi hiyo ilimfurahisha mno. Siku moja alinipeleka hadi ukingoni, akanionyesha mahali palipojaa mchanga safi, umelala sawasawa kama kitanda kilichotandikwa. "Hapa palikuwa na shimo la kumeza ng'ombe, bwana wee," akaniambia. "Nimelichimba mimi mwenyewe. Sasa nambia, nani amelifukia?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Ni kweli kwamba mtu akizoea ghala inayojijaza yenyewe, hujenga imani ambayo si rahisi kuing'oa.

Kisha zikaja bustani. Kule Diani, kwenye nyumba za pembeni mwa bahari, ardhi ni mchanga mweupe wa matumbawe usioshika maji wala mbolea, na mwenye nyumba anataka ukoka wa kijani mpaka mlangoni. Ukoka hauoti kwa kuamriwa. Kwa hiyo malori yakaanza kupanda Bongwe kutafuta mchanga wa shambani, ule wa juu, wa rangi ya kahawa, na wa kwanza kuwafungulia njia akawa sahibu yangu. Hapa ndipo lugha yetu ilipomponza. Sisi watu wa pwani neno mchanga hatulifanyii uchoyo. Wa mtoni ni mchanga, wa ufukweni ni mchanga, na ule tunaopandia muhogo nao ni mchanga. Siku zote neno hilo halimdhuru mtu, lakini yeye alikuwa ameishi mtoni, na alilisikia kwa masikio ya mtoni.

"Wauza shamba lako," nilimwambia, nikitazama vijana wakikwangua kwa sepetu.

"Shamba si hili hapa? Limesogea? Mimi nauza mchanga tu. Mvua ikija, utarudi."

"Utarudi kutoka wapi?"

"Na ule wa mtoni watoka wapi?" akanijibu.

Jibu nililipata nikiwa njiani narudi, na halikunifurahisha hata kidogo. Ule wa mtoni hutoka kwenye mashamba ya watu wa juu huko, yanayomomonyolewa kila mvua inaponyesha. Kile alichokiita baraka ya masika kilikuwa ni hasara ya mkulima asiyemjua. Na sasa zamu ilikuwa imefika kwake.

Mkewe alimsihi abakishe angalau upande wa kunde. Hakubakisha. Masika yaliponyesha, maji hayakuzama. Yalisimama juu ya kile kigaga chekundu kilichobaki, kisha yakatiririka kwenda zake. Mahindi yalitoka ya manjano, yakafika magotini na kukata tamaa. Muhogo uling'olewa ukiwa mwembamba kama kidole. Safari hiyo aliponiita niende kutazama, hakucheka. Alinipeleka kwenye mpaka wake na wa kaka yake, ambaye shamba lake halikuguswa, na mpaka ule ulikuwa umekuwa ngazi. Shamba la kaka liko juu, lake liko chini, na kati yao ukuta mfupi unaoonyesha kila kitu waziwazi. Juu kabisa tabaka jeusi-jeusi, laini, limejaa mizizi, majani yaliyooza na vijitundu vya nyungunyungu. Chini yake jekundu, limeshikana, mizizi michache. Chini zaidi udongo wa manjano mgumu, ambao mizizi haikuuingia kabisa. Yeye alikuwa amesimama juu ya lile jekundu. Alikuwa amebeba samadi kwa makapu kutoka kwa majirani, akaimwaga pale, na mvua ikaikumba yote.

"Si mchanga peke yake niliouza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mle mlikuwa na hewa, na maji, na wadudu, na majani uliyoyaangusha mkorosho wa babangu. Nimeuza vitu ambavyo sikuvijua majina." Wakati akisema hivyo, kipande cha ukuta wa kaka yake kilimomonyoka kikaanguka miguuni pake. Tulikitazama sote wawili.

Tangu siku ile siwezi kuyapita malori kwa amani. Nayaona asubuhi yakishuka barabara ya Ukunda, hayakufunikwa, vumbi la rangi ya kahawa likiwapaka wanafunzi sare zao, na najiuliza ni unga wa nani huo. Tabaka tunalolipakia mchana mmoja limechukua vizazi vingi kujitengeneza, jani baada ya jani, mzizi baada ya mzizi. Wengi wetu tunagombania mashamba mahakamani, tunaficha hati ndani ya sanduku chini ya kitanda, na hati yenyewe inataja urefu na upana. Kina haikitaji. Mtu anaweza kuibiwa shamba lote, au akaliuza lote, na hati yake ikabaki halali vilevile. Mimi jambo hilo linanitisha kuliko ukame, maana ukame huwa na mwisho.

Tulimzika palepale shambani kwake. Nimehudhuria maziko mengi Bongwe, na jembe la kwanza la kaburi huzama bila kelele. La sahibu yangu lililia. Ikabidi watafute sururu, na kila pigo lilisikika hadi kwa akina mama waliokuwa ndani. Mungu amlaze pema. Ardhi aliyolala haikumpokea kwa ulaini.

Siku ya hitima nilikwenda kumpa pole mjane. Alikuwa akimenya mihogo ya kupikia wageni, mihogo mizuri, minene, iliyotoka kwa shemeji yake, yaani kaka wa marehemu. Ndiyo inayomlisha yeye na wanawe sasa. Hana shamba jingine. Tukiwa tumekaa, simu ya marehemu ikalia juu ya mkeka. Shemeji akaipokea, akasikiliza, akatoka nje kuzungumza. Aliporudi hakumtazama mtu usoni.

"Ni wale wa lori," akasema. "Hawakuwa na habari ya msiba. Wamenipa pole. Wanauliza kama upande wangu pia..." Akakohoa. "Nimewaambia waje watazame. Watachukua kidogo tu, shemeji. Juu juu."

Mjane aliweka kisu chini. "Hiyo juu juu ndiyo shamba, shemeji," akasema. "Huko chini hakuna muhogo. Huko chini yuko ndugu yako."

Shemeji akaketi tena mkekani. Mpaka naaga, alikuwa ameishika simu ile mkononi, na sijui aliwapigia wasije au hakuwapigia. Wewe msomaji uliye na shamba Bongwe, Jego au kwingineko, nakuomba jambo moja tu: kabla hujamwambia mtu achukue kidogo, chukua jembe uchimbe mwenyewe, utazame hicho kidogo kinaishia wapi. Utashtuka jinsi kilivyo chembamba, na kwamba kila ulichowahi kula kimetoka humo.