Mnyoosha Migongo wa Kendu Bay

Mnyoosha migongo wa Kendu Bay ana vidole vinene kama ndizi za kuchoma, na sauti ya kubembelezea watoto. Kwanza hukupaka mafuta, kisha hukuuliza habari za wakwe zako. Ukifungua tu mdomo kuwasema, ko! mgongo umelia. Wanaongoja kwenye benchi nje ya pazia huitikia, "Huyo amepona!" Kwao, mgongo usiolia haujatibiwa. Nyasuguta, muuza vitunguu, alikuwa ameingojea sauti hiyo wiki nzima. Lakini vidole vilishuka mgongoni mwake, vikafika kiunoni, vikasimama.

"Mama, mguu huu unakufa ganzi?"

"Tangu Jumapili."

Akaondoa mikono taratibu, kama mtu aliyegusa kuku anayeatamia. "Hii si kazi yangu. Nenda hospitali leo hii, wakupige picha."

Nyasuguta aliona aibu, akanong'ona, "Na hao wa nje? Watasema mgongo wangu umekushinda."

Yule bwana akafikiri kidogo. Akainama chini ya kitanda, akatoa ukuni mkavu, akauvunja kwa goti lake mwenyewe, ko! kisha akauma midomo asipige kelele. Benchi zima likapiga makofi. Nyasuguta akatoka akichechemea kuelekea hospitalini, na kabla hajavuka kizingiti mzee mmoja alikuwa ameshavua shati.

"Daktari," alisema, "mimi nipe kama ya huyo mama."