Mstari wa Maji Ukutani

Wiki moja kabla ya watu wa maafa kuja kutoka Bariadi, majirani zangu wote walikandika nyumba. Walichanganya udongo na samadi, wakapaka kuta kuanzia chini hadi usawa wa madirisha. Kufikia Jumapili, mstari ulioachwa na mafuriko ya ziwa ulikuwa umepotea katika nyumba zao zote kitongojini kwetu, kule ufukweni, si mbali na Lamadi. Ilisemekana wageni wanatafuta mstari huo. Ukionekana uko juu, eneo litaandikwa la hatari na watu wataambiwa wahame.

Mimi sikukandika. Sikuwa na msimamo wowote. Tangu nimzike mume wangu nilikuwa naamka, nafagia, nakaa. Udongo ulikuwa nyuma ya jiko langu, lakini niliuona uko mbali.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja mara mbili.

"Shemeji, leo unakandika?"

"Kesho."

"Kesho yako hiyo ina siku ngapi? Au nikuletee wanawake wakufanyie, wewe ukae kama malkia?"

Nilimwambia aache. Akacheka kidogo, akaondoka. Yeye ndiye aliyechimba kaburi, pale pale uani, kama tunavyozika sisi. Alijua kwamba tukihamishwa kaburi litabaki, na siku moja ziwa litalichukua. Nami nilijua.

Walikuja wawili, dada mwenye kishikwambi na mwanamume mwenye tepu, wakitanguliwa na mwenyekiti wa kitongoji.

"Mwangaluka, mayu," dada alinisalimu kwa Kisukuma, nikaitikia.

Nyumba zote alizopita alikuwa ameambiwa maji yaliishia kizingitini. Kwangu alisimama. Mstari ulizunguka nyumba nzima, wa rangi ya kahawia. Mwenzake akapima. Ulimfika kifuani.

"Mama, mbona maji yalipanda kwako tu?"

Mwenyekiti alikohoa. Shemeji, aliyekuwa amesimama penye ua wa minyaa, alidakia, "Hii nyumba iko bondeni."

Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua thelathini, na ardhi ni tambarare. Dada aliitazama ardhi. Akaniuliza kama kuna mtu aliyefariki kwa sababu ya maji.

Kwenye kikao cha kitongoji walikuwa wamekubaliana tuseme marehemu aliugua. Nilikuwepo. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu wakakuhesabu kuwa ndiyo.

"Mume wangu," nilisema. "Alirudi kuwafungulia mbuzi. Ukuta wa banda ulikuwa umelowa, ukamwangukia. Hakuwa mgonjwa."

"Na kwa majirani maji yalifika wapi?"

"Hapo hapo ulipopima."

Niliyasema hayo kama ninayemwelekeza mgeni njia. Sikulia. Nilimwuliza tu kama fomu yake ina mahali pa kaburi. Akapekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Kuna nyumba, choo, kisima, mifugo, mazao. Kaburi hakuna, mama."

Alilipiga picha hata hivyo. Sijui aliiweka wapi.

Walipoondoka, shemeji alinijia karibu. "Umetuhamisha sote. Na kaka yangu umeliachia ziwa."

Ilikuwa kweli.

Barua ilifika kabla ya mvua za vuli. Tukahamia huku juu, upande wa Mkula. Wako walionisamehe, wako wanaonisalimu kwa sababu tu tunakutana kisimani. Shemeji amejenga mlango wake ukitazama upande mwingine.

Kila Jumamosi nateremka kufagia kaburi. Nikimaliza, napima kwa hatua kutoka hapo hadi majini. Mwezi uliopita zilikuwa kumi na moja, juzi zilikuwa tisa. Shemeji hajaniuliza. Akiniuliza nitamwambia ni tisa.